Harufu ya Petroli Inayopotea Saa Nne

Julai ya mwaka juzi, kila asubuhi nikiwasha gari pale nyumbani Arusha nilikuwa nanusa petroli. Si sana. Kiasi cha mtu kujiuliza kama ni gari lake au la jirani. Nikifika kazini, nikatoka kwenda kunywa chai ya saa nne, nikapita kando ya gari kunusa tena: hakuna. Mchana hakuna, jioni hakuna. Kesho yake alfajiri, ukungu bado umetanda na mikono iko mfukoni, harufu ileile.

Nilikaa nayo siku tisa. Naitaja idadi hiyo kwa aibu, maana mimi ni fundi wa ndege. Kazini, doa la mafuta chini ya bawa lenye upana wa sarafu hupimwa, huandikwa, na mtu huweka saini yake. Nyumbani nilichofanya ni kushusha kioo cha dirisha.

Siku ya kumi nilifungua boneti kabla ya kuwasha. Nikageuza ufunguo bila kupiga stata, pampu ya tangi ikalia zile sekunde zake mbili tatu, nikazima, nikarudia mara tatu ili reli, yaani bomba linalozigawia injekta petroli, ijae presha. Kisha nikachukua tishu nyeupe, nikaizungusha kwenye shingo ya kila injekta. Ya kwanza kavu. Ya pili kavu. Ya tatu tishu ikatoka na duara la unyevu, likawa linatambaa polepole kuelekea kwenye vidole vyangu. Sentimita chache kutoka pale zinapita nyaya za koili za cheche. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Arusha haikuwa inanilinda na chochote.

Nikang'oa injekta. Kilichotoka nayo kiliitwa oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia mvujo, kwa heshima tu. Oringi mpya ukiikata na kuitazama kwa ubavu ni duara. Hii ilikuwa imekuwa bapa pande mbili, kama tambi iliyokanyagwa. Nikaibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuacha alama. Nikaikunja, na mgongoni pakafunguka vijufa vidogo vingi, kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Sasa niseme aliyeiweka. Ni mimi. Miaka miwili kabla ya hapo nilitoa injekta zote nne nikazisafisha, nikatazama zile oringi, nikaona bado nzuri, nikazirudisha. Oringi nne bei yake ilikuwa kama ya soda mbili. Duka la spea lilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na njaa.

Watu wengi, hata mafundi, huifikiria oringi kama kizibo: kuna tundu, unaliziba. Oringi ni springi. Mfereji inamokaa huchongwa kwa makusudi uwe na kina kidogo kuliko unene wake, ili ikifungwa ibanwe kwa asilimia 10 hadi 30 hivi. Ikibanwa, inasukuma. Huko kusukuma ndiko kunakozuia mafuta. Tena presha ikipanda, mafuta yenyewe huikandamiza oringi kwenye kona ya mfereji, ikazidi kuziba. Mtu aliyepata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1939, Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark, alikuwa mtu wa breki za tramu. Vita vya Pili vilipopamba moto serikali ya Marekani ikaichukua hataza ile na kuwagawia watengenezaji wa ndege. Ndiyo sababu leo duara lilelile limo kwenye bomba la jikoni kwako, kwenye reli ya petroli na kwenye bawa la ndege ndogo ya Cessna.

Springi huchoka. Joto la injini na mafuta vikiila miaka, mpira husahau umbo lake la duara na kuchukua umbo la mfereji. Hapo haisukumi tena, imekaa tu. Injini ikipata moto, mpira hulainika na kutanuka, tena hutanuka mara nyingi zaidi ya chuma kinachouzunguka, nafasi ikajifunga. Ndiyo maana saa nne harufu ilikuwa haipo. Usiku wa Julai ukiingia, mpira husinyaa na kukakamaa, na asubuhi presha ya pampu hukuta upenyo. Tairi la gari dogo huwekewa upepo kama 32. Reli ya injekta za kawaida ina kama 43 kwa kipimo hichohicho. Upenyo wa unywele unaitosha petroli.

Ni kisa kilekile cha Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, Januari 28, 1986, kikiwa kimeshushwa hadi uwanjani kwangu. Siku ile Florida kulikuwa na baridi isiyo ya kawaida, oringi za roketi ya pembeni zikachelewa kurudisha umbo lake, gesi ya moto ikapenya, na watu saba wakafa. Wiki mbili baadaye Richard Feynman, mwanafizikia, akakibana kipande cha mpira ule kwa klampu ndogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, akakitoa na kuonyesha kwamba hakirudi upesi. Kinachonivutia mimi ni aina ya mpira wenyewe. Ulikuwa jamii ya Viton, ambao kwa kustahimili mafuta na joto ni miongoni mwa bora tulio nao. Ila baridi huuwahi mapema kuliko nitraili, mpira wa kawaida wa kazi za mafuta. Hakuna mpira mzuri wa kila kitu. Muuzaji akikwambia upo, anataka kufunga duka aende nyumbani.

Kazini kwetu siku huanza chini ya bawa. Una kikombe cha plastiki cha kuonea, unasukuma vali ndogo iliyo sehemu ya chini kabisa ya tangi, mafuta yanashuka. Petroli ya ndege ndogo za pistoni ina rangi ya bluu. Unaiinua kwenye mwanga kutazama maji na uchafu. Hiyo sehemu rubani yeyote anaijua. Sehemu ninayowasisitizia vijana ni inayofuata: achia vali, hesabu hadi kumi, halafu gusa. Ikibaki unyevu, mara nyingi ni chembe ya mchanga imekaa kwenye oringi ya vali, basi isukume tena mafuta yaioshe. Ikirudia, usijadiliane nayo, badilisha oringi.

Bluu ile ina faida nyingine. Petroli hukauka haraka, rangi hubaki. Mvujo mdogo uliotokea jana angani leo utakuwa umechora mstari kama wino kwenye bati, na ukiufuata kinyume na upepo unafika ulikoanzia. Mafuta ya ndege za turbini, yaani Jet A-1, ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa, hayana fadhila hiyo. Hayo huyatafuti kwa rangi. Unatafuta vumbi lililoshika mahali ambapo vumbi halikupaswa kushika.

Ukiona doa, unalifuta likauke, unatazama saa, unasubiri dakika 30, kisha unapima. Lisipozidi robo tatu ya inchi ni doa. Hadi inchi moja na nusu ni unyevu. Hadi inchi nne ni unyevu mzito. Yakidondoka au kutiririka, ndege hairuki, mjadala umekwisha. Madaraja ya chini, kama ni mahali pa wazi upepo unapopita, kwa kawaida huruhusiwa kuruka huku yakifuatiliwa; yakiwa ndani ya nafasi iliyofungwa, hata kidogo hakikubaliki, kwa sababu mvuke hukusanyika. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu kinamnyang'anya mtu neno "kidogo". Mvujo wa gari langu kwa siku tisa ulikuwa "kidogo".

Na vifuniko vya tangi visisahaulike. Kwenye ndege ndogo kifuniko kiko juu ya bawa, palepale ambapo hewa ikipita kwa kasi hushusha presha. Mpira wa kifuniko ukichoka, safari nzima bawa linanyonya mafuta na kuyatema nyuma, na rubani anaona geji inashuka kuliko hesabu yake. Ndege ikilala nje masika, mpira uleule unaingiza mvua. Yaani mpira mmoja unakuibia mafuta na kukulipa maji.

Mjomba wangu ana gereji mtaa wa Unga Limited, hapahapa Arusha. Ufundi nilianza kuupenda kwake, nikiwa kijana wa kushika tochi, na nilikuwa naishika vibaya. Kwenye rafu yake kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa oringi: nyeusi, kahawia, za kijani, nyembamba, nene, mpya, na zilizotoka kwenye magari ambayo sasa ni masufuria. Akitaka moja anaivisha kwenye kidole, anaivisha kwenye kiungo, ikikaa, kazi imeisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu, mtu wa ndege. Leo umekuja kunikagua?"

Nilikuwa nimekuja kumwonyesha ile oringi bapa. Akaicheka, akanionyesha kopo. "Chukua humu. Mpira ni mpira, mjomba."

Sikubishana. Nikachukua chupa ya jemu, nikatia petroli, nikatumbukiza oringi tatu: moja ya nitraili, moja ya Viton, na moja niliyoitoa kwenye kopo lake, ambayo yeye mwenyewe alisema ilitoka kwenye seti ya kukarabatia silinda ya breki. Nikaifunga, tukaiacha uani mbali na moto.

Kesho yake jioni tukaifungua. Ya Viton ilikuwa vilevile. Ya nitraili ilinenepa kidogo, bado ngumu vizuri, inaingia kwenye mfereji wake. Ile ya breki ilikuwa imevimba kama kitumbua, laini, na nilipoivuta ikakatika bila ubishi. Mpira wa breki hutengenezwa kuishi na mafuta ya breki, na kwa petroli ni kama chumvi kwa konokono. Mjomba alikigeuzageuza kile kipande kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa sisi tunaoosha raba za breki kwa petroli kabla ya kufunga?" Nikamwambia ndiyo hivyo. Akanyamaza. Miaka 30 ya raba zilizooshwa kwa petroli ilikuwa inampita kichwani, nadhani, na baadhi ya hizo zilipanda Mlima Kitonga, ule wa kona kali kule Iringa.

Lakini mjomba si wa kuchekwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuziba tundu la tangi kwa sabuni ya mche ili lori lifike nyumbani. Petroli na dizeli haziiyeyushi sabuni kirahisi. Alinifundisha pia kwamba ni ya kufikia nyumbani tu. Na ndiye aliyenipiga kofi la mkono nilipotaka kupapasa bomba la dizeli la injini mpya huku ikiunguruma. Injini za dizeli za reli moja (common rail) hufikisha presha ya baa 2,000. Tundu usiloliona kwa macho linapitisha dizeli kwenye glavu na ngozi kama sindano, kidole kinaonekana kimetobolewa kidogo tu na kesho yake daktari anazungumzia kukikata. Ukitafuta mvujo huko pitisha kipande cha katoni, kisha injini izimwe na presha ishuke kabla hujagusa spana.

Tabia yake moja ndiyo tunayogombana hadi leo: akiona unyevu, anakaza. Kwenye gasketi ya karatasi huenda ukapata nafuu ya wiki. Kwenye kiungo cha oringi, ukifunga hadi mwisho, kinachogusana ni chuma na chuma, na oringi imeshabanwa kadiri ya kina cha mfereji wake. Ukizidi kukaza hapo unaumiza nati na hujaongeza kitu. Dawa ni kufungua.

Ukishafungua, kazi yote iko kwenye dakika tano zinazofuata, na ndizo dakika ambazo mtu huwa na njaa. Safisha mfereji kwa kitambaa, usikwangue kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja ni barabara ya mafuta. Iviringishe oringi mpya kwenye kijiti cha mviringo huku ukiitazama kwa lenzi, nyufa hujitokeza inapopinda. Ipake mafuta yaleyale ya mfumo inaokwenda kuishi. Kama inapita juu ya hesi, yaani meno ya skrubu, funika hesi kwa karatasi, maana hesi ni msumeno. Ikishakaa, ipitishe kidole taratibu kuhakikisha haikujisokota. Na ya zamani ikate kwa kisu hapohapo. Mimi hukata, kwa sababu najijua.

Hangani oringi huja kila moja na mfuko wake, na juu ya mfuko kuna namba ya spea na robo ya mwaka mpira ulipopikwa, mathalani 3Q19, yaani robo ya tatu ya 2019. Nitraili huhesabiwa miaka 15 ya kukaa stoo, kivulini, mfuko haujafunguliwa. Zamani ziliwekwa vidoa vya rangi, chekundu kikimaanisha mafuta ya kuendeshea, cha bluu hewa au mafuta ya haidroliki yatokanayo na mafuta ghafi, cha njano oili ya sintetiki ya injini. Mafundi wakongwe bado huviamini. Rangi hufutika, viwanda hutofautiana, na namba iliyo kwenye mfuko ndiyo ushahidi. Sokoni kwetu oringi imening'inia juani kwenye waya mlangoni mwa duka, haijulikani imezaliwa lini. Siwezi kumlaumu mwenye duka. Hakuna mteja anayemuuliza.

Mafuta nayo yana mkono wake, na hili halisemwi vya kutosha. Nitraili iliyolowa miaka ndani ya mafuta hunyonya sehemu ya mafuta hayo, hasa aromatiki, jamii ya kemikali zilizomo ndani yake, ikavimba kidogo na kutulia, kama maharage yaliyolowekwa. Ukibadilisha mafuta ghafla kuwa yenye aromatiki chache, kile kilichonyonywa hutoka, mpira husinyaa, na kama ulikuwa mzee hauna nguvu ya kuifuata nafasi. Oktoba 1993 Marekani ilipohamia dizeli yenye salfa kidogo, na California ikapunguza na aromatiki, pampu za dizeli za magari ya zamani zilianza kuvuja. Wengi waliokuwa na sili mpya, yaani raba za kuzuia mvujo, hawakusikia kitu. Sisi Afrika Mashariki tulihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015, na gari la zamani linaloanza kutoa jasho baada ya kubadilishiwa mafuta lisitiliwe shaka ya uchawi.

Enzi zile za kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa, kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kutia kinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata, mjomba anasema pampu za dizeli zilijaa gerejini kwake kama maembe ya msimu. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Vyuma vya pampu vikisagana, shafti huanza kuyumba, na shafti inayoyumba huila sili yake hata kama ilifungwa jana. Ukibadilisha sili pale bila kugusa shafti, unamlisha mgonjwa asiye na tumbo.

Kwenye ndege suala hili liko wazi hadi limeandikwa kwenye kanuni. Mafuta mapya yasiyotokana na petroli ghafi mengi hayana aromatiki kabisa, basi yanapochanganywa na Jet A-1 mchanganyiko hutakiwa ubaki na angalau asilimia 8, sili ziendelee kuvimba kiasi chake. Virgin Atlantic iliporuka London kwenda New York Novemba 28, 2023 bila tone la mafuta ya ardhini, asilimia 12 ya mafuta iliyobeba yalikuwa ya kutengenezwa yenye aromatiki. Sehemu ya sababu ni hizihizi raba.

Najua kuna anayesema gari si ndege, likivuja unaegesha pembeni. Ni kweli. Ndege nayo mara nyingine huvuja ikiwa imeshaegeshwa: Agosti 20, 2007, pale Naha, Okinawa, Boeing 737 ya China Airlines ilikuwa imeshasimama salama, lakini bolti iliyochomoka bawani, kwa kukosekana washa moja (ile pete ndogo ya chuma), ilikuwa imetoboa tangi. Ndege ikateketea. Watu wote 165 walitoka.

Ila kisa ninachokirudia kwa vijana ni cha Agosti 24, 2001. Airbus A330 ya Air Transat kutoka Toronto kwenda Lisbon, watu 306, ilikuwa imebadilishwa injini ya kulia siku chache kabla. Bomba la mafuta na bomba la haidroliki vilikuwa vya matoleo yasiyooana, vikawa vinasuguana hadi la mafuta likapasuka. Katikati ya Atlantiki marubani wakaona upande mmoja una mafuta pungufu. Wakafanya kinachofanywa mafuta yasipolingana: wakafungua njia ya kupitisha kutoka upande mzima. Yakaenda yakamwagikia kwenye ufa. Injini zote mbili zikazimika, na Kapteni Robert Piché na msaidizi wake wakailea ndege bila injini kama dakika 19 hadi kisiwa cha Terceira, kwenye visiwa vya Azores. Wote wakapona. Namba zilikuwa zimeshawaambia kwamba kuna kitu kinatoka. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba geji imekosea.

Hapo ndipo huwa nazikumbuka siku zangu tisa na kile kioo cha dirisha.

Mjomba siku hizi ana boksi la plastiki lenye vyumba vyumba, na kwenye kifuniko ameandika kwa maka, herufi kubwa: RABA ZA BREKI PETROLI MARUFUKU. Kopo la maziwa bado liko rafuni. Anasema ni la dharura. Nimelipungia mkono.

Julai hii baridi imekuja kali. Juzi saa kumi na mbili na nusu nikatoka, nikasimama kando ya gari kabla ya kuwasha, na pua ikakamata petroli. Nikafungua boneti, nikajaza presha, nikapita na tishu kwenye injekta zote nne. Kavu. Nikapita kwenye hozi, kwenye klampu, kwenye mfuniko wa pampu chini ya kiti cha nyuma. Kavu. Nikarudi nikasimama palepale na kunusa tena, polepole, nikiugeuzia upepo uso.

Nikavuka nikagonga geti la jirani.